Jibu: Timu ikitishia kuhama, tususie mechi au tuendelee kujaza uwanja?

Habari ndugu. Umeuliza iwapo mashabiki wa timu ya NBA (ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani), ambayo mmiliki wake ameanza kutaja mji mwingine, wasusie mechi ili kumshinikiza. Kwanza tafuteni mkataba wa pango la uwanja, msome unaisha lini na unavunjwaje, ingawa mkataba peke yake hauzuii timu kuondoka. Wa SuperSonics, timu ya Seattle, ulipaswa kufika hadi 2010, na jiji likaenda mahakamani kuutetea. Hata hivyo, mwaka 2008 lilikubali maridhiano ya dola milioni 45, SuperSonics ikahamia Oklahoma City, na jina pamoja na rangi zake ndivyo vilivyobaki.

Kususia, kwa maoni yangu, ni kumpa mmiliki ushahidi anaoutafuta, kwani viti vitupu ndivyo atakavyowaonyesha wamiliki wenzake. Mwaka 2013, Kings, timu ya Sacramento, ilipokuwa karibu kuuzwa kwa kundi lililotaka kuipeleka Seattle, mashabiki wa Sacramento waliendelea kuhudhuria mechi na kulibana baraza la jiji, ambalo liliidhinisha mpango wa uwanja mpya huku wanunuzi wengine wakipatikana. Wamiliki wa timu za NBA wakaukataa uhamisho kwa kura 22 dhidi ya 8.

Kura hiyo ni ya wamiliki, wala mabango ya kumtukana mmoja wao (yanafurahisha, nakiri) hayawagusi. Barua zenu zielekezwe kwa madiwani, na ziwafikie mapema, kwa kuwa kwa kawaida maombi ya kuhama msimu unaofuata huwasilishwa kabla ya Machi kuanza.