Maswali na majibu: Mtu wa visiwani na njia ya mlimani

Assalaam aleikum. Tangu niseme kwamba nimepanda Lupanga, kile kilele cha milima ya Uluguru kinachouchungulia mji wa Morogoro kwa juu, na kwamba njia ilinipotea, maswali hayakatiki. Mengine ya dhihaka tu: "Mtu wa Unguja na mlima, wapi na wapi?" Hao nawasamehe. Wengine nawajibu hapa.

Tuko vijana watano wa Jang'ombe, tunataka kwenda Lupanga mwezi wa nne. Huku kwetu hakuna mlima, tufanyie wapi mazoezi?

Kwanza ufuteni huo mwezi wa nne. Ni masika, na Uluguru ndio ukuta wa mwanzo wa maana unaokutana na mawingu yanayotoka huku baharini. Njia ya Lupanga ni udongo na mizizi mitupu. Ikinyesha, unakanyaga sabuni. Nendeni baina ya Julai na Septemba.

Mazoezi sasa. Ardhi ya juu kabisa Unguja iko upande wa Masingini, na haifiki mita 120. Lupanga imepita mita 2,100, na mji wa Morogoro wenyewe uko kwenye mita 500 hivi. Pigeni hesabu: ni kama kupanda kutoka pwani hadi Masingini mara kumi na tatu, kwa siku moja. Kwa hiyo dawa yenu ni ngazi. Majumba ya Michenzani yako hapo hapo, hayana kiingilio. Bebeni begi lenye chupa nne za maji za lita moja na nusu, pandeni mnavyotaka, lakini kushuka shukeni polepole, hatua kwa hatua. Nimeona vijana wenye vifua vya wabeba karafuu wakifika juu wanaimba, kisha wanashuka wameshikana mabega kama wagonjwa. Goti halilii kwenye kupanda.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Wete. Nivae nini nisijikwae na nisivunje heshima?

Dira ya kuvaa iache nyumbani, dira ya kuelekezea ibebe. Msituni nguo pana ikikamatwa na mwiba inakuvuta nyuma na wewe uko kwenye mteremko. Vaa suruali isiyobana, shati la mikono mirefu linalofika magotini, na mtandio mfupi uliofungwa nyuma ya shingo. Pini za mtandio zitoe, tawi likipita usoni zinachoma. Soksi ndefu, na suruali iingize ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Utachekesha, lakini watakaokuona ni kima tu. Chukua na sweta: kila ukipanda mita elfu moja, joto linapungua kiasi cha nyuzi sita. Sisi wa pwani tukikosa sweta tunakufa kabla ya kifo.

Umesema njia ilikupotea. Ilikuwaje, na mtu afanye nini?

Ilipotea kwa ubahili. Tulikuwa watatu, tukaona kulipa kiongozi ni hasara. Kufika kwenye msitu mzito tukakuta mti mkubwa umeanguka juu ya njia, na kushoto kwake kijia kipana, kisafi. Kulia nyasi tupu zimesimama kifuani. Nani angechagua kulia? Tukashika kushoto. Nusu saa baadaye tuko ndani ya kangaga, hatuoni miguu yetu, na kule chini tunasikia maji.

Mwenzetu mmoja akasema tuyafuate maji, yatatufikisha kwa watu. Usifanye hivyo Uluguru. Vijito vya kule havitiririki, vinaruka. Unafuata maji mara unajikuta juu ya maporomoko, mbele huendi na nyuma hupandi.

Aliyetuokoa ni wa tatu wetu, mvuvi wa Nungwi. Alisema, "Baharini nikipoteza alama, sitafuti mpya. Narudi ile ya mwisho niliyoiona." Akachana leso yake vipande vyekundu, akawa anafunga kimoja kila tulipogeuka, mpaka tukaufikia ule mti. Hapo ndipo tukaangalia vizuri. Upande wa nyasi, kwenye shina moja usawa wa kiuno, palikuwa na jeraha la panga la zamani: limenyooka, limelala mshazari, kingo zake zimevimba na kuota ukungu wa kijani. Mnyama huvunja tawi, hachongi. Kile kijia kipana kilikuwa cha wakata kuni, na wao hawana shida na kilele.

Basi: simama, rudi kwenye alama ya mwisho ya uhakika, ndiyo utafute. Na pangeni saa ya kugeuka kabla hamjaanza. Yetu ilikuwa saa saba mchana, popote tutakapokuwa. Jua linazama saa kumi na mbili na kitu, lakini chini ya miti usiku unaanza mapema kuliko huo. Kisha lipeni kiongozi. Ule ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo anzieni ofisi ya misitu pale Morogoro, mpate na kibali.

Nipo Konde. Ngezi, msitu wetu huku Pemba, si mlima, kuna haja gani ya kiongozi?

Ndiyo maana unapotea. Mlimani angalau unajua juu ni wapi. Ngezi kila upande ni sawa. Halafu peke yako utampita popo wa Pemba juu ya kichwa chako, mnyama asiyepatikana pengine popote duniani, usimwone.

Nikigusa upupu?

Usikune! Ukikuna unavisukuma vile vinyweleo ndani. Bandika gundi ya karatasi, bandua, rudia, kisha osha kwa maji baridi. Bibi yangu alitumia jivu.

Swala je, na kibla msituni utakijuaje?

Kule ni karibu sawa na hapa: kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo sana. Simu inatosha, ila dira ya mkononi haiishi chaji. Mambo ya kupunguza na kukusanya muulize shekhe wako kabla ya safari. Langu mimi ni moja: ongeza chupa ya maji ya udhu, maana udongo mkavu wa kutayamamu badala ya maji, kule juu ni wa kutafuta kwa tochi.

Safari ni ndefu? Na huko juu kuna nini hasa?

Safari imekuwa nyepesi. Boti ya asubuhi hadi Dar, kisha treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inafika Morogoro kwa chini ya saa mbili. Lala mjini, anza kupanda saa kumi na mbili asubuhi.

Juu? Siku ya wazi unauona mji wote wa Morogoro chini yako, bati kwa bati. Siku yangu haikuwa ya wazi. Nilikaa dakika ishirini ndani ya wingu, nikala halua ya Wete iliyokuwa imeshakuwa ngumu kwa baridi, na mvuvi wa Nungwi akaniuliza kama hapa ndipo penyewe.