Picha za Wasiotulia: Maswali ya Wasomaji kuhusu Kamera ya Simu

SWALI: Ndugu mwandishi, shikamoo. Mwanangu huchezea timu ya mpira ya shule yao, na kila siku ya mechi mimi husimama kando ya uwanja na simu mkononi. Nyasi hutoka safi, magoli hutoka safi, hata wazazi waliosimama upande wa pili hutambulika sura zao, lakini yeye mwenyewe hutoka kama moshi. Kaka yangu ananishauri ninunue simu yenye megapikseli nyingi zaidi. Je, nitoe fedha hizo?
Mzazi, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Naomba usitoe hata shilingi kwanza, kwa sababu picha uliyoieleza imekwisha kutoa ushahidi wake. Ikiwa nyasi na magoli vimetoka safi, basi lenzi ni nzima na mkono wako ulitulia. Kilichoponza picha ni muda. Shata ya kamera hufunguka, mwanga ukaingia kwa kitambo fulani, kisha ikafungwa, na chochote kinachosogea ndani ya kitambo hicho hujichora kila mahali kilipopita. Mtoto anayekimbia mita 5 kwa sekunde husogea zaidi ya sentimita 8 katika 1/60 ya sekunde, yaani karibu upana wa kiganja. Katika 1/1000 ya sekunde husogea nusu sentimita tu. Megapikseli hazimo katika hesabu hiyo.

Sasa, kwa nini simu ichague kasi ndogo ya shata namna hiyo ilhali inamwona mtoto anakimbia? Tundu la lenzi katika simu nyingi halipanuki wala halisinyai, kwa hiyo mwanga unapopungua simu hubaki na njia mbili: kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, au kupandisha ISO, ambacho ni kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. ISO ikipanda sana picha hujaa chengachenga, na kwa kuwa watengenezaji wanajua kwamba watu wengi hupiga picha za vitu vilivyotulia, simu huelekea kuuongeza muda. Fungua picha mojawapo ya mwanao katika ghala la picha, uisukume juu kwa kidole au utafute sehemu ya maelezo. Simu nyingi zitakuonyesha kasi iliyotumika. Ukikuta 1/50 au 1/60, umeshamkamata mhalifu.

Kabla ya kukujibu nilijaribu jambo hili uani kwetu. Mpwa wangu aliruka kamba mbele yangu saa nane mchana, kisha akaruka tena saa kumi na mbili jioni, mahali palepale na kwa simu ileile. Katika picha ya mchana kamba ya katani ilionekana juu ya kichwa chake hadi nyuzi zilizochomoza pembeni, na vumbi la miguuni lilikuwa limesimama hewani punje kwa punje. Katika picha ya jioni uso wake ulikuwa na macho manne, na kamba haikuwapo kabisa. Palibaki kivuli chembamba kama cha utando wa buibui.

Dawa ya kwanza, basi, ni mwanga. Mechi ikichezwa jioni, simama mahali ambapo jua liko mgongoni mwako, na usisubiri mwanao afike kwenye kivuli cha miembe ndipo ubonyeze. Dawa ya pili ni kuichukua kasi mikononi mwako. Simu nyingi za Android zina modi iitwayo Pro, na humo ndimo unamoweza kuweka kasi ya 1/500 kwa mtoto anayekimbia na 1/1000 au zaidi kwa mpira unaopigwa, huku ISO ukiiacha ijipange yenyewe. Baadhi ya simu za bei ya chini zina Pro lakini haziruhusu kuigusa shata, na iPhone haina modi hiyo katika kamera yake ya asili; hapo itakubidi uweke programu nyingine ya kamera. Picha yenye chengachenga kidogo ambayo uso wa mtoto unaonekana ni bora mara nyingi kuliko picha laini isiyo na uso.

Zima modi ya usiku unapopiga picha za michezo, kwa kuwa hiyo huunganisha picha nyingi zilizopigwa kwa muda mrefu. Vilevile usiutegemee uthabiti wa lenzi unaosifiwa katika matangazo: huo hutuliza mtikisiko wa mkono wako, wala hauwezi kumtuliza mchezaji. Badala ya kuvuta picha kwa vidole, ambako mara nyingi ni kukata tu kipande cha picha na kukikuza, sogea nyuma ya goli ambalo timu yake inalishambulia. Anayekuja moja kwa moja kuelekea kwako hufifia kidogo kuliko anayekatiza mbele yako kwa mwendo uleule, na juu ya hayo utaupata uso wake. Futa lenzi kwa ncha ya kanga kabla ya mechi kuanza.

SWALI: Mimi hupiga picha za mashindano ya punda hapa kwetu Lamu. Nikibonyeza, punda amekwisha kupita, nami hubaki na mkia. Nifanyeje?
Kijana, Lamu

JIBU: Ndugu yangu, unabonyeza unapomwona, na hapo umekwisha kuchelewa: jicho limechukua muda wake, kidole kimechukua wake, na simu nayo imetafuta upya fokasi, yaani umbali ambapo kitu hutoka wazi pichani. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alitaka kuonyesha kama farasi anayekimbia hunyanyua kwato zote nne kwa pamoja. Alipanga kamera 12 kandokando ya njia na kutandaza nyuzi ili farasi mwenyewe azifyatue kwa kupita. Hakuisubiri nafasi ije ndipo aikimbilie. Aliitegea mahali ilipokuwa lazima ipite.

Nawe tega. Chagua sehemu ya njia ambayo punda hawana budi kupitia, gusa skrini juu ya ardhi ya hapo na ushikilie kidole hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha anza picha za mfululizo punda akiwa bado hatua kadhaa kabla ya kufika. Katika simu nyingi za Samsung huburuta kitufe cha kupigia kuelekea chini, na katika iPhone za miaka ya karibuni hukiburuta kushoto. Nyingine hutaka ukishikilie tu. Baada ya mbio, kaa kivulini uchague moja na ufute zilizobaki.

Jaribu pia njia ambayo mimi naipenda kuliko zote. Weka kasi kati ya 1/30 na 1/60, bana viwiko mbavuni, mfuate mpanda punda kwa kugeuza kiuno, na ubonyeze huku ukiendelea kugeuka hata baada ya picha kupigwa. Ukilingana naye mwendo, yeye hutulia na ukuta wa nyuma yake hugeuka mistari, hata mtazamaji akauhisi upepo. Katika picha 20 huwa napata 2 za kuridhisha, na hizo 2 hustahili jasho lote. Ukiona nguzo au milingoti imeinama pichani, usihofu: kamera ya simu huisoma picha mstari baada ya mstari, na kabla haijamaliza wewe umeshageuka.

SWALI: Wachezaji wa ngoma harusini, ndani ya ukumbi, usiku. Flashi itanisaidia?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Haitakusaidia sana. Flashi ya simu ni taa ndogo ambayo nguvu yake huishia hatua chache, na mwako wake ni mrefu mno kuweza kugandisha mwendo kama flashi za kamera kubwa. Kupandisha kasi hadi 1/500 nako kuna hatari yake, kwa maana umeme wetu wa hetzi 50 huzifanya taa nyingi za ukumbini zipepese mara 100 kwa sekunde, na picha hutoka na mistari myeusi. Weka 1/100, usogee karibu na taa, halafu uitazame ngoma yenyewe. Kila mchezaji ana pahala anaposimama kwa kitambo kidogo sana: bega likifika juu kabla ya kushuka, au kiuno kikifika mwisho wa upande mmoja kabla ya kurudi. Hesabu mapigo mawili matatu bila kupiga picha, na la nne likikaribia, bonyeza.