Kabla hujamruhusu mwanao kujiunga na kadeti wa polisi

Kila mwaka tunapoandikisha wanafunzi wapya kwenye kikundi chetu, yupo mzazi atakayeniuliza: "Mwalimu, akimaliza hapa anaingia CCP moja kwa moja?" Namwelewa kabisa. Sisi wa Moshi tumekua tukiishi jirani na Shule ya Polisi, ndiyo hiyo CCP, kuruta tunawaona, na ajira zenyewe tunajua zilivyo adimu. Lakini jibu ni hapana, na ni vizuri mzazi alijue kabla hajamnunulia mtoto bereti.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na ni mlezi wa kikundi cha wanafunzi ambacho shule yetu inakiendesha pamoja na polisi kata. Watoto wanapiga kwata, wanajifunza sheria na usalama barabarani, wanafanya usafi sokoni. Wengi tunawaita kadeti. Ninakipenda kikundi hiki, na kwa sababu ninakipenda nataka wazazi wakijue kwa undani, faida zake na hatari zake.

Wazo lenyewe lina umri mrefu. Mwaka 1914 polisi wa New York walianza kufunga baadhi ya mitaa ili watoto wa familia maskini wapate pa kucheza bila kugongwa, na hapo ndipo ilipochipukia Police Athletic League, chama cha polisi cha michezo ya vijana. London ilianzisha kikosi chake cha kadeti mwaka 1960, na hicho kilikuwa kitu tofauti: vijana walilipwa na kulelewa ili waje kuwa askari. Siku hizi kadeti wa Uingereza ni wa kujitolea, wa miaka 13 hadi 18, na wanaowasimamia wanatamka wazi kwamba hawatafuti askari wa kesho. Wanalenga pia robo ya wanachama wawe vijana walio katika hatari ya kuingia kwenye uhalifu au kutengwa na jamii. Nawaomba walimu wenzangu wauzingatie sana mpango huo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Hong Kong. Mwaka 1974 wananchi walikuwa wamechoshwa na rushwa ndani ya polisi hadi serikali ikaunda tume huru ya kupambana nayo. Mwaka huohuo polisi wakaanzisha chama chao cha vijana, Junior Police Call. Yaani imani ilikuwa imevunjika, na wakaona pa kuanzia kuijenga upya ni kwa watoto. Jimbo la Kerala nchini India nalo lilianza mwaka 2010 kwa kuwafundisha walimu wa shule husika wawe walezi, huku askari wakija kufundisha gwaride. Utaratibu huo wa Kerala ndio ninaoona unatufaa sisi.

Kwetu umbali kati ya raia na askari una mizizi yake. Polisi ya Tanganyika iliundwa mwaka 1919 chini ya Waingereza, makao makuu yakiwa Lushoto, na kazi yake ilikuwa kulinda utawala wa mkoloni. Mkoloni aliondoka, hofu ikabaki majumbani. Mpaka leo mtoto akilia anaambiwa "nyamaza, polisi huyo anakuja." Polisi Jamii, yaani polisi kushirikiana na wananchi katika ulinzi, ambayo ilipata msukumo mkubwa Said Mwema aliposhika uongozi wa Jeshi la Polisi (IGP) mwaka 2006, ililenga hasa kuvunja ukuta huo. Kikundi cha vijana kikiendeshwa vizuri kinafanya kazi hiyohiyo, ila kinaanza na mtoto ambaye bado hajajifunza kukimbia.

Nitaeleza somo moja. Afande wetu alikuja na karatasi ya RB na fomu ya PF3, akazipitisha kwenye madawati kila mmoja azishike. Akaeleza kwamba ukiripoti tukio unapewa namba ya RB, uitunze, ndiyo itakayokusaidia kufuatilia. Kwamba aliyeumizwa anapewa PF3 aende nayo hospitali. Kwamba dhamana haiuzwi. Binti wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Afande, nikija mwenyewe bila mzazi, mtanisikiliza?" Afande hakumjibu kwa haraka. Alivuta kiti akakaa, akamwambia aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, aombe askari wa kike, na kama kituo kiko mbali apige 116, simu ya huduma kwa mtoto. Baada ya hapo maswali hayakukatika hadi kengele. Nyuma kabisa alikaa kijana ambaye kaka yake aliwahi kulala mahabusu. Siku zote alikuwa kimya. Siku ile aliuliza mtu anaweza kushikiliwa kituoni kwa muda gani kabla ya kufikishwa mahakamani. Kwangu, swali lile lilikuwa na uzito kuliko gwaride zima la maadhimisho.

Sasa, mzazi, usisaini fomu kabla hujauliza mambo haya. Nani yupo na watoto muda wote? Mwalimu lazima awepo, na mtoto asibaki peke yake na mtu mzima yeyote, awe na sare au asiwe nayo. Adhabu zao ni zipi? Kwata inajenga nidhamu na watoto wanaifurahia, "mguu pande, mguu sawa" utaisikia hadi nyumbani. Kichurachura juani ni kitu kingine. Mtoto akirudi magoti yamechubuka, kesho yake nenda shuleni kauliza.

La kulishikilia kuliko yote: mtoto asitumiwe kuleta habari za mtaani. Asiulizwe nani anauza bangi, nani anapika gongo, na asipelekwe kwenye doria wala ukamataji. Anaishi Pasua au Njoro na watu haohao, anapita njia hizohizo akienda kisimani na dukani, na afande hatakuwepo usiku akivamiwa. Akiona jambo la hatari amwambie mzazi au mlezi, na mtu mzima ndiye alipeleke kituoni. Kama kikundi hakikubali sharti hili, mtoe mwanao.

Kuhusu pesa, mchango wa sare ni wa kawaida, lipia shuleni na udai risiti. Ila atakayekuambia ana koneksheni, utoe kitu kidogo ili mtoto aliyepitia kadeti apate nafasi jeshini, huyo ni tapeli. Mzazi ninayemfahamu aliombwa hela hivyo na mtu aliyezungumza kama bosi mkubwa. Bahati nzuri alikuja kuuliza kwanza. Ajira za polisi hutangazwa na Jeshi lenyewe, na kila mwombaji anafuata masharti ya tangazo.

Walimu mnaotaka kuanzisha, msijaze kikundi kwa kaka mkuu, dada mkuu na viranja. Hao tayari wanasikilizwa. Mtafuteni anayechelewa kila Jumatatu, anayekaa stendi na mabodaboda baada ya vipindi, na binti asiyezungumza. Mkuu wa shule aandike barua kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, aombe polisi kata apangiwe siku maalumu, ili kikundi kisitegemee hisani ya askari mmoja ambaye kesho anahamishwa. Kikao cha kwanza wazazi wawepo, na maswali haya yote aulizwe afande mbele ya watoto, wayasikie na majibu yake.