Uzamili wa saikolojia bila mafunzo ya vitendo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Nakuru, na nimeongoza idara ya ushauri nasaha shuleni kwa miaka 9. Nimepata chuo cha ng'ambo kinachotoa uzamili wa saikolojia ya kliniki na unasihi mtandaoni kwa mwaka mmoja. Hakina mafunzo ya vitendo. Wanasema uzoefu wangu unatosha. Nikimaliza, naweza kufungua ofisi?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka kila anayefanya kazi hii Kenya awe amesajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, na cheti peke yake hakimsajili mtu. Kabla hujatuma hata shilingi, iulize bodi kama programu hiyo inakubalika, na jibu ulipate kwa maandishi. Chuo Kikuu cha Nairobi na USIU-Africa hufundisha saikolojia ya kliniki katika ngazi ya uzamili. Anza kuulizia huko.

Kinachoniumiza zaidi ni hayo maneno "uzoefu unatosha". Nayasikia kila mara, kwa walimu, wachungaji, hata wauguzi. Nadhani jina la kazi limetuponza: tunaiita ushauri nasaha, basi kila mwenye busara na ulimi mtamu anaona tayari anaiweza. Kumbe anayefunzwa vizuri huanza kwa kujifunza kutoshauri. Anarekodi kikao kwa idhini ya mteja, kisha anakisikiliza pamoja na msimamizi wake. Mama analia, mwanafunzi anawahi kusema, "Usijali, Mungu atakujalia." Msimamizi anasimamisha sauti: hapo ulikuwa unamtuliza nani, yeye au nafsi yako? Niliwahi kuulizwa swali hilo, nikakosa la kujibu. Hakuna noti za mtandaoni zitakazokuuliza hivyo.

Upande wa kliniki ni mzito zaidi. Mtu anakuja na sonona: chakula hakipiti, usingizi hauji, hataki kuonana na watu. Aliyefunzwa wodini atauliza pia juu ya zile siku za nyuma alizolala kwa saa mbili tu, akaamka na nguvu tele, akatapanya pesa kwa mipango isiyo na mwisho. Hiyo huenda ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrudisha kwenye siku zile za nguvu tele. Mwanasaikolojia haandiki dawa, lakini barua yake ya rufaa kwa daktari wa akili ndiyo inayobeba habari hiyo. Asipojua kuuliza, barua inakwenda tupu.

Na kwa kuwa uko shuleni: bweni likiungua, hufika watu wenye vyeti vya wiki mbili, wakawakusanya watoto ukumbini na kuwataka wasimulie mmoja mmoja walichokiona. Njia hiyo ilishapimwa na watafiti. Haizuii kiwewe, na kuna waliozidishiwa maumivu nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike. Mtoto yule anataka mahali salama, chakula, mzazi wake aitwe upesi, na mtu mzima mtulivu aliye karibu endapo mwenyewe atataka kusema. Anayemlazimisha kusimulia anamtonesha kidonda, halafu anapanda gari na kuondoka.

Nanyi wengine mnaotafuta msaada, msione haya kumwuliza mtu usajili wake, na ni nani anayemsimamia. Aliyesajiliwa hakasiriki. Na kama unameza lithiamu, dawa ya baipola, kisha mtu anakwambia uiache kwa kuwa vikao vyake vinatosha, usirudi kwake tena. Endelea na dawa, umpigie daktari aliyekuandikia siku hiyo hiyo. Lithiamu ikikatwa ghafla ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo, na hatari ya mtu kujiua hupanda.