Bunduki ya upepo mtaani

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nakaa Wete, Pemba. Kila ikifika alasiri vijana wa jirani hupiga kunguru muembeni kwa bunduki ya upepo, mchezo tu. Juzi kirisasi kimetoboa tangi letu la maji, na watoto wangu walikuwa uani. Baba wa vijana hao anasema ile si silaha. Sitaki ugomvi na jirani, nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kilichotoboa tangi kinatoboa jicho, na jicho likishapasuka basi tena. Kirisasi ni kidogo kama punje ya mtama, lakini kikimkosa kunguru hakibaki tawini. Kinakwenda mpaka kigote, na kikigonga jiwe hurudi upande wowote. Nyumba zilivyobanana hapo, huyo kijana aelekeze wapi mtutu?

Kunguru wanaudhi, nakubali. Tangu waletwe Unguja kutoka India miaka ya 1890 vifaranga havina amani. Lakini wanaovutwa na jaa lililo wazi hawamalizwi na mchezo wa jioni. Funikeni taka.

Kwa jirani usiende peke yako. Nenda na mtu mzima anayemstahi, mumuonyeshe lile tundu kwa macho yake. Akishikilia lake, nenda kwa sheha, naye alifikishe polisi, wanaosimamia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ombi lenu liwe moja: asifyatue mtu ndani ya mtaa, hata kwa kunguru. Na mpaka hapo, watoto jioni wacheze ndani.