Maswali Yenu: Nahodha aliyekuwa anacheza na bandeji kichwani

SWALI: Mbukwenyi! Mi naendesha bodaboda hapa Nkuhungu. Juzi nilikuwa kibanda umiza nasubiri mechi ya Yanga ianze, jamaa akaweka chaneli nyingine, naona watu wamevaa vesti wanagombania mpira kama yai, mmoja kafungwa bandeji kichwa kizima na damu inamchuruzika, mtangazaji anasema ndo kapteni. Yule nani, na ule mchezo gani?

JIBU: Mbukwa ndugu yangu. Ule ni mpira wa miguu wa Australia, usiuchanganye na raga, ila kwa ulivyomwelezea nahodha mi nakuhakikishia ni Joel Selwood wa klabu ya Geelong, na hiyo ilikuwa marudio maana alishastaafu tangu 2022. Bandeji ndo ilikuwa kama jezi yake ya pili. Sheria yao anayetoka damu lazima atoke nje afungwe kwanza, basi yeye anatoka, anafungwa, anarudi anapeleka kichwa palepale.

Mchezo wenyewe kila timu ina watu 18 uwanjani, hakuna ofusaidi, kila upande una milingoti minne, ukipiga katikati pointi 6, ukikosea ukapita pembeni unapewa 1 (mi hii ya kumzawadia aliyekosa huwa inanichekesha). Kumpasia mwenzio kwa kurusha hairuhusiwi, unaushika mkono mmoja unaupiga ngumi kwa mwingine.

Sasa Selwood. Alizaliwa 1988 Bendigo, nyumba yenye ndugu wanne na wote wanne wamecheza ligi kuu, mama yao sijui alikuwa anafua jezi ngapi kwa wiki. Geelong wakamchukua drafti ya 2006 (pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu), akiwa chaguo la 7, 2007 akaanza kucheza na miaka yake 18 na mwaka huohuo timu ikabeba ubingwa ambao haijauona tangu 1963, fainali wakaipiga Port Adelaide kwa tofauti ya pointi 119. Dogo ndo kwanza kafika, tayari ana kombe! Akaongeza 2009, akaongeza 2011. Nahodha wa kipindi kile Cameron Ling akastaafu na kombe lake mkononi, 2012 kitambaa akapewa Selwood.

Na hapo ndo stori inaponoga, kwa sababu makombe yakakata. Timu ilikuwa nzuri, sio kwamba ilishuka daraja, ila 2013 wakatolewa nusu fainali, 2016 tena, 2017 tena, 2019 tena, 2020 wakafika fainali Brisbane wakafungwa na Richmond, 2021 nusu fainali tena. Huku kwetu nahodha wa hivyo angeshachunwa ngozi kwenye magrupu ya WhatsApp. Yeye akabaki, na tarehe 24 Septemba 2022 mbele ya watu 100,024 pale uwanja wa MCG, Melbourne, wakaichapa Sydney 133 kwa 52. Robo ya mwisho ya mechi hiyo naye akafunga bao, wenzake wakamvamia kama kombe zima ni la kwake. Siku nne baadaye akatangaza kustaafu. Mechi 355, na 245 kati ya hizo ni nahodha, hajawahi kutokea mtu kwenye ligi ile kuongoza mechi nyingi hivyo kabla yake.

SWALI: Ticha wa Kondoa hapa. Miaka 11 unahodha, anapewa na nani jamani? Si ndo kung'ang'ania madaraka?

JIBU: Hahaha ticha umeanza siasa, ukikaa karibu na Dodoma inaambukiza. Kule klabu nyingi wachezaji wenyewe wanapiga kura, kwa hiyo ukiwa nahodha wa mdomo wanakutoa mapema tu. Huyu alikuwa anaingia kwenye vurugu kabla hajamtuma mtu, ndo maana walimwacha. Alipotoka akapewa Patrick Dangerfield.

SWALI: Nimesikia alikuwa mjanja wa kutafuta faulo. Kweli? Mdau, Ipagala.

JIBU: Kweli, na mi sitamtetea. Kule kumkaba mtu juu ya bega ni faulo, yeye akishikwa anainua mkono anakunja goti kidogo, mkono wa mkabaji unateleza hadi shingoni, refa anapuliza. Mashabiki wa timu nyingine walikuwa wanamzomea kwa hilo. Ila zile nyuzi za kichwani hazikuwa za kuigiza.

SWALI: Nina mdogo wangu mrefu balaa hapa Manyoni, Mwafrika anaweza kutoboa huko?

JIBU: Wapo. Majak Daw kazaliwa Sudan akachezea North Melbourne, na Aliir Aliir wa Port Adelaide kazaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, 2021 akaingia kikosi bora cha msimu. Ila dada, wote walihamia Australia wakiwa wadogo, mchezo wakaujulia hukohuko. Mazoezi ya hapa shida itaanzia kwenye uwanja, wao wanachezea wa duara la yai, urefu kuanzia mita 135 mpaka 185, na wa soka kwa kawaida ni 105. Mwambie aanze kwanza na kudunda ule mpira huku anakimbia, sheria inataka audundishe kila mita 15 na ule hauendi unapotaka wewe.