Re: Mama mkwe anasema maembe yanaleta malaria

Dada pole, nimekuelewa, kila msimu wa maembe watoto wanaugua basi mama mkwe kakataza embe nyumbani. Hata huku Arua, Uganda, wazee wanasema hivyo, na si waongo jamani, wameona kweli, ila mvua ndio inaleta vyote viwili, embe zinaiva mvua ikishanyesha na maji yale yale yakituama mbu anataga. Wazungu nao walilaumu hewa ya mabwawa, malaria maana yake ni hewa mbaya kwa Kiitaliano, mpaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross akakuta vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Usimwambie amekosea, mi nilimwambia mamangu tukanuniana wiki nzima. Muulize taratibu, mtoto asiyekula embe haugui? Mwaka embe zikikosa, malaria nayo inakosa?

Neti kila usiku, vidimbwi fukia. Lakini mtoto akichemka mwili achana na ubishi, apimwe damu ndani ya siku moja, usimpe dawa kwa kubahatisha. Akidegedeka, akitapika kila kitu au haamki vizuri, panda boda mbio hospitali.

Embe zioshe tu, kuhara nako kupo.